Lundo Halikuchemka, Tukachemsha Sisi

Safu yetu imezoea kuongelea wivu, simu zinazofichwa chini ya mto na mawifi wasiokwisha maneno. Mwezi huu nakuletea kitu ambacho hukutegemea kukikuta kwenye ukurasa wa mapenzi: takataka. Ndiyo, umesoma vizuri. Maganda ya ndizi, mabua ya mahindi na kinyesi cha ng'ombe.

Usifunue ukurasa mwingine kwanza! Hilo lundo la takataka nusura linirudishe kwetu Dar, na begi langu mkononi, mwaka wa pili tu wa ndoa.

Swali lenyewe ni dogo, la kuulizana jikoni: mboji ya nyumbani inachukua muda gani kuiva mahali penye baridi? Mume wangu alinijibu kwa kujiamini kabisa, "Miezi mitatu, mke wangu." Nikamwamini. Niliweka pesa juu ya jibu hilo. Nisikilize sasa yaliyonikuta.

Kutoka Dar hadi Nangara

Wenzangu mnaotujua mnakumbuka kwamba mwaka jana mzee wangu alipunguzwa kazi Dar. Mimi nilikuwa na bahati, ofisi ilikubali kunihamishia Babati, na yeye ana kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake pale Nangara, ndani ya mji huo huo. Tukafunga virago. Kwa mtu wa pwani kama mimi, Babati ilikuwa bomba: mlima Kwaraa unauona ukifungua dirisha, ziwa lina viboko, samaki wapo, na jirani anakusalimia hata kama hakujui jina.

Tatizo ni Juni. Hakuna aliyenieleza habari za Juni! Mji upo zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni mpaka Agosti upepo unashuka asubuhi kama umetumwa. Nililala na soksi kwa mara ya kwanza maishani. Mume wangu akawa ananicheka, eti mtoto wa Temeke ameonja friji.

Mpango wake ulikuwa mzuri, na mpaka leo siupingi. Kiangazi cha Septemba hadi Novemba mboga mbichi zinakuwa adimu mjini, na mwenye maji na mbolea anauza kwa bei anayotaka. Tulime Chaini, sukuma wiki na nyanya, tuwauzie mama lishe na hoteli za pale barabara kuu ya Arusha na Dodoma. Nikakopa milioni moja kwenye SACCOS ya kazini, rejesho la shilingi 95,000 kila mwezi kwa miezi 12, kuanzia Septemba. Zikanunua tanki la lita 1,000, mipira ya matone, mbegu na waya wa uzio. Zikaisha.

Mbolea haikuwemo kwenye bajeti. Ardhi yenyewe ilikuwa imechoka, ilikodishwa miaka kibao kwa mahindi bila kurudishiwa kitu. "Mbolea tutatengeneza wenyewe," akasema mzee. "Mboji ni miezi mitatu. Tukianza Jumamosi hii ya kwanza ya Juni, Septemba mosi tunapanda." Mimi nikapiga hesabu kwenye simu: Septemba tunapanda, Oktoba tunaanza kuvuna Chaini, rejesho linajilipa lenyewe. Nikalala usingizi mnono, na soksi zangu miguuni.

"Inachemka, mke wangu"

Akajenga malundo matatu, kila moja la kufika magotini, yamepangwa kwa mstari kama vichuguu. Ndani mabua mazima ya mahindi, vijiti vya mbaazi (huku Babati mbaazi ni zao kubwa, vijiti havikosekani), maganda kutoka jikoni kwetu, samadi kidogo na maji ndoo moja moja. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini namwona amesimama pale, ameingiza mkono. Nauliza, "Vipi?" Ananijibu, "Inachemka, mke wangu."

Juni inachemka. Julai inachemka. Agosti bado inachemka. Ofisini nikawa najisifu kwa wenzangu, hata oda mbili za mboga nikawa nimeshachukua.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti akaja bibi jirani yetu, mama mtu mzima wa Kigorowa ambaye amefuga ng'ombe tangu kabla mimi sijazaliwa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Mnafuga mchwa?" Nikacheka, nikamweleza kwa mbwembwe habari za mboji yetu inayoiva kesho kutwa. Bibi hakucheka. Akachukua fimbo yake ya kuchungia, akaichomeka katikati ya lundo mpaka ikazama nusu, akaiacha pale, tukaenda kunywa chai.

Baada ya chai akaichomoa, akanipa. "Shika huku chini."

Nikashika. Baridi. Baridi kama bomba la maji la asubuhi, na kavu. Bibi akafukua kwa jembe: bua zima, limebaki kama siku lilipotoka shambani, ganda la ndizi jeusi limekauka, basi. Nikamgeukia mume wangu. "Tangu lini?"

Akainamisha kichwa. "Tangu Julai."

Mpenzi msomaji, sikulia kwa sababu ya mbolea. Nililia kwa sababu ya ile miezi miwili ya kila asubuhi "inachemka, mke wangu." Alijua. Alikuwa anaingiza mkono, anakuta baridi, anautoa, ananitazama machoni na kunidanganya. Usiku ule alisema neno ambalo nimelikumbuka mpaka leo: "Nilishapoteza kazi. Sikutaka uone nimepoteza na hiki." Nami nikamjibu vibaya, sitaandika hapa nilichosema. Begi nikalitoa juu ya kabati. Lilikaa kitandani, upande wangu, siku mbili.

Kwa nini ilikataa?

Siku ya tatu bibi alirudi na toroli la samadi mbichi. Hakuuliza habari za begi, ingawa nina hakika alishazisikia. Alisema tu, "Wanangu, mboji haihesabu miezi. Inahesabu joto." Baadaye nilisoma na kuuliza kwa watu wa kilimo, nikakuta bibi yuko sahihi kabisa.

Iko hivi. Ndani ya lundo wanafanya kazi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wanakula mabua na maganda, na wakila wanatoa joto, kama sisi tunavyopata joto tukifanya kazi. Lundo likiwa sawa, ndani ya siku chache linapanda mpaka nyuzijoto 55 au hata 65, na hapo wanaingia vijidudu wengine wanaopenda joto kali, hao ndio mafundi wa kasi. Joto hilo la 55 likidumu siku kadhaa linaua pia mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Likipita 70 mafundi wenyewe wanaanza kufa. Likiwa chini sana wanasinzia. Kanuni ya jumla ni kwamba kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, kazi yao inapungua kwa karibu nusu.

Sasa lile jibu la miezi mitatu si uongo. Muingereza mmoja, Albert Howard, alifanya kazi mji wa Indore, India, kuanzia 1924 hadi 1931, akajifunza kwa wakulima wa kule, na njia aliyoiandika inatoa mboji kwa takriban miezi mitatu. Chuo Kikuu cha California pale Berkeley wana njia ya wiki mbili hadi tatu, ila hapo kila kitu kimekatwa vipande vidogo na lundo linageuzwa kila siku au kila baada ya siku moja. Hata mabwana shamba wetu wanasema miezi mitatu hadi minne, na ni kweli. Lakini zote hizo ni hesabu za lundo linalochemka! La kwetu halikuchemka, tukachemsha sisi.

Bibi alituonyesha makosa moja baada ya jingine. Ukubwa kwanza. Malundo yetu yalikuwa madogo mno. Joto linatokea katikati na linapotea pembeni, kwa hiyo kitu kidogo chenye pembeni nyingi kinapoa haraka. Wenye ndoa mnanielewa: wawili ndani ya blanketi moja si sawa na kila mtu na shuka lake kwenye kitanda chake. Lundo linahitaji walau mita moja kwenda juu, mita moja upana na mita moja urefu ndipo liweze kujipasha lenyewe.

Pili, mabua mazima na vijiti vya mbaazi. Vijiti hivyo ni kuni, bibi alivitoa vyote akavipeleka jikoni kwake akicheka. Tatu, chakula hakikuwa na uwiano. Vitu vikavu kama mabua, majani makavu na makapi ya mpunga vina kaboni nyingi, na vitu vibichi kama maganda, magugu mabichi na samadi vina naitrojeni. Vijidudu wanataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Usitafute mizani, kwa macho ni kama ndoo mbili au tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Sisi tulikuwa na bahari ya mabua na kijiko cha samadi.

Nne, maji na upepo. Baridi ya Babati ni ya kiangazi, upepo mkavu unanyonya maji huku unapoza. Kikavu hakiozi, hata kama kuna joto.

Wifi yangu na lundo la barafu

Katika ile wiki ya kutoongea vizuri, niliyempigia simu ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Anaishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi. Babati na Uswidi hawajuani jana: miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 mradi wa LAMP wa kutunza ardhi uliendeshwa hapa kwa fedha za Waswidi, na wanafunzi wao wamekuja kusoma maisha ya vijijini kwetu miaka mingi. Wifi aliolewa huko, naye ana bustani na pipa lake la mboji.

Nilitegemea amtetee kaka yake. Badala yake akaangua kicheko. "Wifi, miezi mitatu? Hapa ikifika Novemba lundo la nje linaganda kama jiwe. Chepeo haiingii. Linaamka Aprili!"

Akanieleza jinsi wanavyoishi. Mwishoni mwa Desemba mchana wao ni wa saa nne na ushee tu, na usiku wa baridi kali joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20 hasi. Hapo vijidudu hawasinzii tu, wanasimama kabisa. Mboji ya mabaki ya jikoni kwa nchi kama hizo inachukua miezi sita hadi 12, na ikianzishwa vuli bila kinga inaweza kupita mwaka. Majani ya miti peke yake, bila kitu kibichi, ni mwaka mmoja hadi miwili. Na huko mtu hajitupii tu mabaki ya chakula nyuma ya nyumba. Pipa linatakiwa liwe limefungwa, panya wasiingie. Watu wengi wananunua mapipa yenye kuta nene zilizojazwa kitu cha kuzuia baridi, kama chupa ya chai. Pipa la namna hiyo likilishwa vizuri linaweza kuendelea kufanya kazi hata theluji ikianguka.

Kingine alichoniambia kilinishangaza. Vuli inapofika anakusanya magunia ya majani makavu na kuyaweka chini ya paa. Kila anapomwaga ndoo ya mabaki ya jikoni wakati wa baridi, anafunika na majani hayo. Hageuzi lundo kabisa mpaka barafu iyeyuke, maana ukigeuza unatoa nje joto dogo lililobaki. Na barafu yenyewe si hasara tupu: maji yakiganda ndani ya ganda la ndizi yanapasua kuta zake, hivyo likiyeyuka linaoza haraka kuliko lilivyokuwa. Ila siku za kuyeyuka maji yanakuwa mengi na harufu inakuja, ndiyo sababu anahitaji yale majani makavu akiba.

Kabla ya kukata simu akaongeza, "Wifi, mimi huwa namwambia mume wangu Oktoba: sasa limelala, usilitegemee mpaka kiangazi. Akijua, hana neno. Asiyejua ndiye anayegomba."

Nikakaa na simu mkononi. Mtu wa Umeå ana baridi mara kumi ya yangu, lakini hana ugomvi, kwa sababu kwao hakuna anayesema "inachemka" wakati limeganda.

Tulivyolifufua

Begi nililirudisha juu ya kabati. Si kwa sababu nilikuwa nimesamehe, la, ni kwa sababu nilitaka kwanza kuona. Jumamosi iliyofuata tukavunja malundo yote matatu na kujenga moja, mimi, mume wangu na bibi. Kama unataka kufanya kwako, fanya hivi:

1. Chagua mahali penye jua la asubuhi na ukuta au uzio wa kukinga upepo. Kiangazi unaweza kuchimba shimo la kina kifupi ili unyevu usipotee. Masika jenga juu ya ardhi, shimo litajaa maji.

2. Kata mabua kwa panga, urefu wa kidole au kiganja. Hii ndiyo kazi inayouma mgongo na ndiyo inayookoa wiki nyingi.

3. Panga tabaka: vikavu unene wa shibiri, vibichi nusu yake, samadi, na udongo kidogo wa shambani. Majivu konzi moja mbili tu, usimwage karai zima. Rudia mpaka ufike mita moja na zaidi, maana litashuka.

4. Nyunyiza maji kila tabaka. Chukua konzi, kamua. Yakitoka matone mawili matatu ni sawa. Yakichuruzika yamezidi, ongeza vikavu. Yasipotoka kabisa, ongeza maji.

5. Funika kwa majani ya migomba au magunia, na juu yake turubai ambalo halikubana, hewa ipite. Vijidudu wa joto wanapumua kama wewe. Ukiwaziba, harufu ya mayai viza itakujulisha.

6. Chomeka fimbo katikati na uiache humo. Hiyo ndiyo saa yako.

Usiweke nyama, mifupa, mabaki yenye mafuta mengi (mbwa na panya watahamia kwako), plastiki, mimea yenye ugonjwa, wala kinyesi cha mbwa na paka.

Siku ya nne asubuhi mume wangu aliniita. Hakusema inachemka. Alisema, "Njoo ushike mwenyewe." Nilipoichomoa ile fimbo, mpenzi msomaji, niliitupa chini! Ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, na moshi mweupe ukapanda kwenye ile baridi kama chungu kimefunuliwa. Tukacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja ndani ya siku kumi.

Tuligeuza lundo baada ya wiki mbili hivi, fimbo ilipoanza kupoa, ya nje yakaenda ndani na ya ndani nje. Likapanda tena. Tukageuza tena baada ya wiki tatu. Wakati wa baridi usigeuze kwa kalenda wala kwa kiherehere, geuza fimbo ikikuambia. Katikati ya Oktoba mzee akataka kutumia ile iliyokuwa nusu nusu, maana mboga zilikuwa zimepanda bei na roho ilikuwa inatuuma. Bibi akakataa kata kata. Mboji mbichi ikiingia shambani vijidudu wanaendelea kuvunja yale mabua na kuinyang'anya miche naitrojeni, majani yanakuwa ya njano. Tukasubiri.

Iliiva wiki ya mwisho ya Novemba. Utajuaje imeiva? Ni nyeusi, inamong'onyoka, huwezi kutambua kipi kilikuwa bua na kipi ganda, ukiigeuza haipandi joto tena, imebaki nusu ya lundo au chini ya hapo, na inanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ukiwa na wasiwasi, panda mbegu za mchicha kwenye kopo lenye mboji na udongo. Zikiota na kukua vizuri, ingia shambani.

Kwa hiyo jibu ni lipi?

Kwa Babati na maeneo ya mwinuko kama wetu, lundo kubwa lililopangwa vizuri ni miezi mitatu hadi minne. Likijengwa Juni, likawa dogo na halina kifuniko, linaweza kukupeleka nusu mwaka kama letu. Kule Makete ambako Juni na Julai umande unaganda kwenye majani, kinga yako iwe nene zaidi na lundo liwe kubwa zaidi. Dar lina joto la bure mwaka mzima, adui yako ni kukauka tu. Na wewe unayetusoma ukiwa Uswidi, Kanada au Minnesota, panga mwaka mzima na uusifu uvumilivu wako. Kama una haraka, anzisha lundo masika kunapokuwa na joto, siyo vuli.

Na ule mkopo? Tulikosa kiangazi chote. Oda zangu mbili nilizifuta kwa aibu. Marejesho ya Septemba mpaka Desemba yalikatwa kwenye mshahara wangu bila jani moja kuuzwa, na Krismasi tulikula wali maharage, tena kwa raha zetu. Chaini ya kwanza tuliiuza Januari, bei ikiwa imeshuka kwa sababu mvua ilinyesha na kila mtu ana mboga. Sitakudanganya kwamba tumetajirika. Bustani inalipa rejesho na inabakiza ya sabuni.

Lakini kuna kilichobadilika. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, tunaenda wote nyuma ya nyumba na kuichomoa ile fimbo. Kila mmoja anashika. Halafu tunakaa pale kwenye kigogo na kila mmoja anasema la kwake lilivyo: pesa iliyopo, anachodaiwa, kinachomkera. Mara ya kwanza mume wangu alichukua nusu saa kusema kwamba ameomba kazi sehemu tatu na zote zimekataa, na kwamba alikuwa hajaniambia hata moja. Mimi nikamwambia kwamba siku ile nilipotoa begi, nilikuwa nimeshauliza nauli ya basi. Hakujua. Tulikaa kimya kidogo. Halafu akasema, "Bora umesema."

Ninapoandika haya ni Juni tena hapa Nangara, na soksi ziko miguuni. Yamebaki marejesho matatu. Lundo jipya tulilijenga Aprili makusudi, ili lianze kuchemka kabla ya upepo, na Kwaraa leo haionekani kwa ukungu. Asubuhi nilimwuliza mzee, "Vipi?"

"Limepoa kidogo upande wa kaskazini," akajibu. "Kesho tuligeuze."

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo!

Jaribu na wewe Jumamosi hii. Kama huna lundo, tafuta fimbo tu na mahali pa kukaa wawili. Niandikie jinsi ilivyokwenda. Mwezi ujao, panapo majaliwa, tutazungumzia wageni wanaokuja wiki moja na kukaa miezi mitatu. Hao nao wana hesabu zao! Nawapenda wote. Kwaherini.